Dawa za VVU Rumangabo: Si Mgonjwa Peke Yake wa Kuulizwa

Kila anayekwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hukutana na swali lile lile: "Umekosa vidonge vingapi?" Ni swali halali. Dawa isiyomezwa haitibu, na muuguzi asiyeuliza hajatimiza kazi yake. Lakini likiishia kwa mgonjwa, linakuwa limegusa nusu tu ya jambo. Rumangabo, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya taifa namba 2, mtu anaweza kuifuata dawa yake kwa uaminifu miaka kumi, kisha akaikosa kwa sababu mapigano yameziba njia, kituo cha afya kimefungwa, au kijiji kizima kimehama usiku mmoja. Kwa hiyo ninalotaka kulijenga hapa ni hili: kumeza dawa za VVU kwa usalama ni wajibu wa watu wengi, na mahali pa vita wajibu mkubwa zaidi ni wa wanaoigawa dawa kuliko wa yule anayeimeza.

Mahali penyewe

Rumangabo ipo katika teritori ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wageni wanaijua kama makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, penye kituo cha Senkwekwe kinachowalea gorila wa milimani waliobaki yatima. Wakazi wake wanaijua pia kwa kambi kubwa ya jeshi, na kambi hiyo ndiyo iliyowaletea misukosuko. Waasi wa M23 waliiteka mwaka 2012, jeshi la serikali likairudisha Oktoba 2013, M23 wakaichukua tena mwishoni mwa Oktoba 2022. Januari 2023 walitangaza kuikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini vita havikwisha. Tarehe 27 Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa M23.

Kila mara kambi ilipobadili mmiliki, raia walibeba magodoro na kushika njia. Mwisho wa 2022 maelfu kutoka Rumangabo, Rugari na Kibumba waliteremka hadi Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, wakajenga vibanda vya maturubai juu ya mawe ya volkeno. Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa, na watu wakaambiwa warudi walikotoka, wengine wakakuta mashamba yamekuwa vichaka. Miongoni mwao walikuwamo wanaoishi na VVU, kama ilivyo kila pembe ya Kongo, nchi ambayo UNAIDS inakadiria kuwa na watu wapatao nusu milioni wenye virusi hivyo. Kwa mtu wa namna hiyo, kuhama kuna maana ya kuacha faili lake, muuguzi anayemjua, na siku yake ya kuchukua dawa.

Dawa yenyewe inafanya nini

Mtu mzima anayeanza matibabu leo, Kongo na karibu Afrika Mashariki yote, hupewa kidonge kimoja kwa siku kinachoitwa TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Mbili za kwanza humzuia kirusi asinakili vinasaba vyake, na ya tatu humzuia asivipachike ndani ya chembe za damu. Kirusi kinachofungiwa milango yote kwa pamoja hakipati nafasi ya kuzaana, na kinga ya mwili hupata wasaa wa kujijenga upya.

Kufika hapa kulichukua miaka mingi. Kabla ya 2001, matibabu ya mwaka mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Mwaka 2017 TLD ikapangiwa bei ya dola 75 hivi kwa mwaka, na Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ukatangaza bei iliyo chini ya dola 45. Bei hii inatupa hoja nzito: kidonge chenyewe hakijawahi kuwa rahisi kununuliwa kama sasa. Kinachomkwamisha mgonjwa wa Rumangabo ni safari ya kidonge hicho kutoka bohari hadi mkononi mwake.

Dolutegravir ilipopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, wanawake wengi walizuiwa kuitumia kwa hofu iliyotokana na takwimu za awali za Botswana kwamba huenda ikadhuru mtoto tumboni. Takwimu zilipoongezeka hofu hiyo ikapungua, na mwaka 2019 Shirika likathibitisha kwamba dawa hii ni ya wote, wakiwemo wajawazito na wanaotarajia kushika mimba. Mama anayeambiwa hadi leo kwamba haimfai kwa kuwa ni mwanamke anaambiwa habari iliyopitwa na wakati.

Kumeza vizuri ni kufanya nini

Kanuni ya kwanza ni kidonge kimoja kila siku, saa ile ile. Aliyesahau ameze pindi akumbukapo. Ikiwa saa ya kidonge kinachofuata iko karibu, kwa dolutegravir chini ya saa nne, aache kilichopita na aendelee na kinachofuata. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

Kanuni ya pili inahitaji kutangazwa kwa sauti katika eneo lenye njaa: TLD humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Wengi wamezoea kuamini kwamba dawa kali haiwezi kukaa tumboni patupu, kwa hiyo siku isiyo na bugali wala sombe inakuwa siku isiyo na dawa. Imani hiyo ina asili yake, kwani baadhi ya dawa za zamani zilikuwa na masharti ya chakula, na mtu mwenye njaa huona kizunguzungu haraka. Lakini kwa TLD, kuacha kidonge kwa kukosa chakula ni hasara bila faida. Vivyo hivyo kwa aliyekunywa kasiksi jioni: pombe haifuti dawa, na kuruka kidonge kwa sababu ya pombe kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Ubaya wa pombe ni kusahaulisha, na kudhuru ini ikizidi.

Kanuni ya tatu ni kutogawana. Mume asimkatie mke nusu ya dozi yake, wala jirani asikopeshe vidonge kama anavyokopesha chumvi. TLD hutolewa kwa wenye uzito wa kilo 30 na kuendelea. Mtoto mdogo ana dawa yake, na kumvunjia kidonge cha mtu mzima ni kubahatisha dozi.

Kanuni ya nne ni ya hifadhi. Vidonge vikae katika chupa yake iliyofungwa vizuri, pamoja na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu, mahali pasipopigwa na jua wala kuvuja mvua. Ushauri huu ni rahisi nyumbani na mgumu chini ya turubai. Ndiyo maana wagawaji wanaoweza kumpa mtu wa kambini chupa moja kubwa badala ya pakiti zilizofunguliwa humsaidia kuliko wanavyodhani.

Dawa zinazogombana

Hatari iliyojificha zaidi ni dawa nyingine ambazo mgonjwa anameza bila kumwambia muuguzi, au ambazo muuguzi anatoa bila kuuliza.

Kifua kikuu kinatangulia, kwa kuwa kinatembea na VVU karibu kila mahali barani. Rifampicin, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huliharakisha ini livunje dolutegravir kabla haijafanya kazi. Suluhisho linajulikana: mgonjwa huongezewa miligramu 50 za dolutegravir, zimezwe saa 12 baada ya TLD. Kosa hutokea pale anapopata dawa za kifua kikuu kituo kimoja na za VVU kingine, na hakuna anayeona karatasi mbili kwa pamoja. Mtu aliyekimbia makwao hupatwa na hali hiyo kirahisi.

Zinafuata dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu, na vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na zinki. Madini haya hushikamana na dolutegravir tumboni, isiingie mwilini. Dolutegravir imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa wakati mmoja na dolutegravir iwapo ni pamoja na chakula. Hili linawahusu sana wajawazito, maana kliniki ya mama huwapa vidonge vya chuma, na si kila kliniki huuliza saa ya dawa ya VVU.

Dawa za kifafa nazo zina neno lake. Phenobarbital, phenytoin na carbamazepine hupunguza nguvu ya dolutegravir, hivyo lazima daktari apange upya dozi au abadili mojawapo. Mwenye kisukari anayetumia metformin aseme, kwa kuwa dolutegravir huongeza kiasi cha metformin katika damu, na dozi yake haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Kwa malaria kuna habari njema: artemether na lumefantrine hutumika bila tatizo pamoja na TLD. Njema zaidi ni kwamba dolutegravir haipunguzi nguvu za vipandikizi vya uzazi wa mpango, jambo ambalo efavirenz, dawa ya VVU ya zamani, ililifanya.

Tenofovir huhitaji figo zenye afya. Mkulima mwenye maumivu ya mgongo anayenunua diclofenac dukani wiki baada ya wiki anaziongezea figo kazi, na anapaswa kusema. Kuhusu dawa za kienyeji, kusema kweli kunasaidia kuliko kukemea. Mitishamba mingi haijapimwa pamoja na dawa hizi, kwa hiyo hakuna anayeweza kumhakikishia mtu usalama wake. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa atanyamaza, na ukimya wake ndio utakaomdhuru. Muuguzi aulize kwa heshima kama anavyouliza habari za watoto: "Mama, kuna majani au unga wowote unaotumia nyumbani?"

Madhara ya TLD yenyewe kwa walio wengi ni madogo: kichwa kuuma, usingizi kuruka, kichefuchefu cha siku za mwanzo. Anayekosa usingizi anaweza kuhamishia saa yake asubuhi. Baadhi huongezeka uzito. Yanayotaka kwenda kituoni bila kuchelewa ni macho kuwa ya manjano, vipele vyenye homa au vidonda mdomoni, mkojo kupungua sana, na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, kwani sukari inaweza kupanda. Pia wapo ambao wiki chache baada ya kuanza huona hali ikizidi kuwa mbaya, kwa sababu kinga inayoamka huanza kupambana na kifua kikuu au ugonjwa mwingine uliokuwa umejificha. Asiyeelezwa hili mapema ataitupa dawa akidhani inamuua.

Dawa inapokatika

Baada ya mtu kuacha dawa, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Kinga hushuka, magonjwa nyemelezi hurudi, na uwezo wa kumwambukiza mwenzi hurudi pia. Kuna hatari ya pili isiyosemwa mara nyingi. Tenofovir na lamivudine hufubaza pia kirusi cha homa ya ini aina ya B, ugonjwa ulioenea sana ukanda huu. Aliye na maradhi yote mawili akikatiwa dawa ghafla, ini lake linaweza kuvimba kwa ukali. Kwake, bohari tupu inaweza kuua kabla UKIMWI wenyewe haujamfikia.

Hatari ya tatu ni usugu. Mtu anayeona dawa inaisha na barabara imefungwa hushawishika kumeza siku moja na kuacha inayofuata, ili chupa idumu. Nia ni njema, matokeo ni mabaya: dawa hubaki mwilini kidogo kidogo, isitoshe kumzuia kirusi lakini itoshe kumfundisha kuikwepa. Ni afadhali kumeza dozi kamili kila siku na kutafuta nyongeza mapema. Dolutegravir ni ngumu kuzoewa na virusi kuliko dawa zilizoitangulia, lakini ugumu huo una mipaka. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba miongoni mwa waliokuwa na virusi vingi licha ya kuitumia, usugu ulionekana kwa asilimia 3.9 hadi 8.6, na ulifika asilimia 19.6 kwa kundi la waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa tayari na virusi vingi.

Tazama sasa ni mara ngapi barabara hii imekatika. Mwaka 2012 na 2013 ilikuwa vita. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikakata barabara kati ya Goma na Rutshuru, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Mwaka 2022 vita vikarudi, na kwa muda mrefu mstari wa mapigano ukasimama upande wa Kibumba, kati ya Rumangabo na bohari za mjini. Januari 2025 mambo mawili yakagongana: tarehe 20 serikali ya Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na wiki moja baadaye Goma ikaanguka, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango.

Anayeziona tarehe hizi hawezi tena kuuita mkatiko wa dawa ajali. Jambo linalotokea kila baada ya miaka michache, katika barabara ile ile, kwa watu wale wale, ni sehemu ya hali ya kawaida ya mahali hapo, na mpango wa matibabu usiolihesabu ni mpango wenye kasoro tangu siku ulipoandikwa.

Walioweza, na walivyoweza

Je, inawezekana kutibu VVU kwa usalama katikati ya vita? Jibu lilipatikana jirani kabisa, Bukavu. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za VVU huko Oktoba 2003, wakati wengi duniani bado walishikilia kwamba maeneo ya vita hayafai kwa tiba ya maisha. Miezi michache baadaye, Mei na Juni 2004, Bukavu ikavamiwa. Mradi ulikuwa na mpango wa dharura: wagonjwa kuwa na akiba ya dawa, kujua pa kwenda kituo kikifungwa, na kuelezwa la kufanya wakikosa mawasiliano. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la PLoS Medicine ilionyesha kwamba matokeo ya wagonjwa hao yalilingana na ya maeneo yenye amani. Kilichowavusha ni maandalizi.

Kenya nayo ina somo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatawanya watu wa Bonde la Ufa, na mpango wa AMPATH wa Eldoret ukajikuta na wagonjwa wasiojulikana walipo. Walitumia matangazo ya vyombo vya habari, wakatoa namba za simu za kupiga, na wakapeleka huduma ndani ya kambi za waliokimbia. Badala ya kusubiri mgonjwa afike kliniki, walimfuata alikokimbilia.

La tatu ni la Kongo yenyewe. Mwaka 2010 zilianzishwa Kinshasa sehemu za jamii za kugawa dawa, zinazojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, PODI, zikiendeshwa na watu ambao wenyewe wanaishi na VVU. Mgonjwa mwenye hali nzuri huchukua dawa za miezi kadhaa hapo, karibu na nyumbani, na kwenda hospitali kwa vipimo tu. Anayemhudumia anajua kwa mwili wake maana ya kidonge cha kila siku.

Ukiyaweka matatu haya pamoja, unaona hayakuhitaji teknolojia ya ajabu. Yalihitaji akiba mkononi, habari inayomfikia aliyehama, na watu wa karibu wanaoaminiwa.

Siri, mtoto, na aliyebakwa

Kuna kikwazo kisichotokana na bunduki. Katika chumba kimoja chenye familia mbili, chupa ya vidonge inayolia mfukoni inatosha kumtangaza mtu. Mwanamke anayehofia kufukuzwa na mume hufukia dawa shambani, na mvua ikinyesha mfululizo ameikosa. Kongo ina sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inayolinda haki za wanaoishi na VVU na walioathirika, na inakataza ubaguzi dhidi yao. Sheria hiyo itakuwa na maana Rumangabo pale mgawaji atakapoacha kuita majina kwa sauti, na foleni ya VVU itakapochanganywa na foleni nyingine.

Silaha bora dhidi ya aibu ni ukweli wa kisayansi ambao bado haujafika kila kijiji: mtu anayemeza dawa vizuri, na virusi vyake vikawa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Tafiti kubwa zilizofuatilia maelfu ya wenzi zimethibitisha hilo. Wachungaji, mapadri na maimamu wanaosikilizwa kuliko redio wangelisema hili mara moja kwa mwezi, wangeokoa ndoa na maisha. Asitokee hata mmoja wa kumwambia muumini kwamba maombi yamemponya hivyo aache vidonge. Anayeomba aombe, na anayeomba ameze.

Kwa mtoto, hatari ya kuambukizwa na mama bila kinga yoyote ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitibiwa na mtoto akipewa dawa za kumkinga, inaweza kushuka chini ya asilimia 5. Aliyekwisha kuambukizwa anaweza kupewa dolutegravir ya miligramu 10 inayoyeyuka katika maji, inayotumika tangu anapotimiza wiki nne na kilo 3. Uzito wa mtoto hubadilika, na dozi lazima ibadilike nao, kwa hiyo kupima uzito kila anapoletwa ni sehemu ya usalama.

Na wapo wanaohitaji dawa hizi kabla ya kuambukizwa. Ubakaji umetumika kama silaha Kivu kwa miaka mingi. Aliyebakwa akianza dawa za kinga ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kuzimeza siku 28 kamili, uwezekano wa kuambukizwa hupungua sana. Msichana aliyevamiwa shambani jioni hana muda wa kusubiri njia ifunguliwe. Dawa hizo zikiwa Goma tu, kwake ni kama hazipo.

Hoja ya wanaosita

Wapo wanaosema kwamba kumpa mtu dawa za miezi sita katika eneo la vita ni kuzitupa: zitaibwa, zitaungua na nyumba, zitauzwa, au mgonjwa hataonekana tena na vipimo vitamkosa. Hoja hii ina uzito. Bila kipimo cha wingi wa virusi, mtu anaweza kumeza miaka miwili dawa isiyofanya kazi. Kipimo hicho hutakiwa mwezi wa sita tangu kuanza, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka, na sampuli ikikwama njiani majibu hayaji.

Lakini pima hasara kwa hasara. Chupa ya TLD ya miezi sita, kwa bei ya sasa, haifiki dola 25. Mtu mmoja aliyekatiwa dawa akalazwa kwa homa ya uti wa mgongo au kifua kikuu kilichosambaa atagharimu mara nyingi zaidi, na huenda asipone. Tena bohari kuu nayo huibwa na kuteketea, na huko huungua za watu wote kwa siku moja. Dawa zilizotawanywa majumbani ni vigumu kupotea zote. Ama kipimo, kinaweza kupangwa siku ile ile ya kuchukua dawa: mgonjwa atoe sampuli, achukue chupa, na simu itumike kumwita iwapo majibu ni mabaya.

La kufanya, na nani alifanye

Mgonjwa ana sehemu yake, na hakuna atakayemfanyia. Ameze kila siku. Aeleze kila dawa nyingine anayotumia. Ahifadhi pamoja na kitambulisho chake karatasi yenye jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza na majibu ya kipimo cha mwisho, au aipige picha kwa simu. Aende kuongeza dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili, asisubiri chupa iwe tupu. Akikimbia, kituo chochote kinachotoa dawa za VVU ni chake. Na kama amekatisha, arudi hata ikiwa mwaka umepita.

Muuguzi naye ampokee anayerudi bila hukumu, amchunguze kifua kikuu, na ampime CD4, yaani wingi wa chembe za kinga, panapowezekana, maana anayerudi baada ya muda mrefu anaweza kuwa amedhoofika kuliko anavyoonekana. Asimnyime dawa aliyehama eti kwa kuwa hana barua ya uhamisho. Barua iliungua, virusi havikuungua.

Mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI, wafadhili na mashirika wana sehemu nzito zaidi. Waweke akiba ya miezi mingi katika vituo vya pembezoni, Rumangabo ikiwamo, na si Goma pekee. Wagawe dawa za miezi sita kwa wenye hali nzuri pindi dalili za mapigano zinapoonekana, na dalili hizo wakazi huziona kabla ya waandishi wa habari. Wawaajiri na kuwalipa wagawaji wa jamii wanaoishi na VVU, ambao huhama pamoja na watu wao na hivyo hawapotezani nao.

Wenye silaha, wa bendera yoyote, wana wajibu usiohitaji mkutano wa amani kuutimiza: kuruhusu dawa zipite na kutovigusa vituo vya afya. Sheria ya kimataifa ya vita inawalinda wagonjwa na wanaowahudumia. Na wapiganaji wenyewe, wake zao na watoto wao wanameza vidonge hivi hivi.

Tuendelee basi kumuuliza mgonjwa wa Rumangabo amekosa vidonge vingapi. Ila siku hiyo hiyo, kwenye daftari lile lile, mkuu wa kituo aandike ni siku ngapi kabati lilikuwa tupu, na anayesimamia bohari aandike ni siku ngapi gari halikuondoka na kwa nini. Safu hizo tatu zikisomwa pamoja kila mwezi, tutajua nani alishindwa na wapi pa kurekebisha. Zikisomwa moja moja, tutaendelea kumlaumu mtu aliyebeba mtoto mgongoni na chupa ya dawa kifuani, akatembea hadi Kanyaruchinya, na bado hakukosa hata siku moja mpaka sisi tulipomkosesha.